Koa wa Rabai

Kwenye duka moja la vitu vya kale, Mji wa Kale, nilikuta nakala ya ramani iliyonichekesha. Pwani imechorwa vizuri tu: Mombasa ipo, Pangani ipo, Kilwa ipo. Ukiingia bara ndiyo vituko. Limelala ziwa moja kubwa mno, limejipinda, limevimba upande mmoja, utadhani koa anayetambaa ukutani baada ya mvua. "Hilo ziwa, bwana," mwenye duka akaniambia, "utalitafuta hadi kiama."

Ramani hiyo, iliyochapishwa 1856, ni ya wamisionari wawili Wajerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wa misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Ziwa lenyewe hawakuwahi kulitia machoni. Walikaa huku pwani wakiwauliza watu wa misafara. Aliyetokea Kilwa alisema ukienda bara sana unakuta maji yasiyo na mwisho. Aliyepitia Unyamwezi akasema hivyo hivyo, na wa njia za kaskazini naye hivyo hivyo. Erhardt akazishona fukwe zote pamoja, likawa ziwa moja. Kumbe ni Nyasa, Tanganyika na Victoria.

Wengi huicheka. Mimi naitetea. Wasimulizi hawakudanganya, kosa liko kwenye mshono. Tena koa huyohuyo ndiye aliyewatia hamu wakubwa wa London hadi wakawatuma wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke, na mwaka 1858 maziwa mawili kati ya hayo yakaanza kuachana kwenye karatasi.

Kinachoniudhi ni kosa la aina nyingine. Mei 1848 Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wa safari ni nini kile, naye akajibu neno moja: baridi. (Mtu wa joto la Mombasa angesema nini zaidi?) William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia aliyekaa London na hakuwahi kukanyaga huku, akakataa katakata: theluji karibu na Ikweta, haiwezekani! Na wakati huohuo ramani za Ulaya zilikuwa zimejaa Milima ya Kong, safu ndefu ya Afrika Magharibi aliyoichora James Rennell mwaka 1798, ikanakiliwa karibu karne nzima. Milima hiyo haipo. Iliyopo ikakataliwa, isiyokuwepo ikapewa rangi.

Nilinunua ile nakala, nikaitundika sebuleni. Mjomba wangu, nahodha wa jahazi zamani, alikuja Ijumaa baada ya swala akaitazama kimya. Akaweka kidole Kilwa, akaufuata mstari wa njia ya msafara polepole hadi ukingo wa ziwa, akasimama.

"Mpaka hapa," akasema, "ni sawa."