Je, kirusi cha kichaa cha mbwa ni kijinga?

Watu wanaofuatilia habari za virusi wana hoja wanayoipenda sana: kirusi kinachomuua mwenyeji wake, yaani kiumbe kinachokibeba, kimeshindwa, na kinachoishi naye kwa amani ndicho kilichofaulu. Mfano hauchelewi kutolewa. Herpesi ya mdomoni, kirusi kinacholeta vidonda vya mdomo, hukaa mwilini hadi uzeeni na mara nyingi mwenyewe hana habari. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, huua karibu kila mtu. Kwa hiyo wa kwanza anaitwa mjanja na wa pili mjinga. Mimi nadhani hoja hii ina ukweli nusu tu, na nusu iliyobaki huonekana tukifuatilia jinsi virusi hivi vinavyosafiri ndani ya neva.

Seli ya neva ina umbo la ajabu. Ncha yake inaweza kuwa kwenye unyayo wakati sehemu yenye kiini iko kwenye uti wa mgongo, karibu mita moja kutoka hapo. Ili seli iishi, mizigo lazima isafirishwe ndani ya uzi huo mrefu. Kazi hiyo hufanywa na protini za uchukuzi: kinesini hupeleka mizigo kuelekea nchani, dainini huirudisha kwenye kiini. Kirusi hakina mwendo wake chenyewe, kwa hiyo hudandia. Virusi vyote viwili hudandia dainini kuingia ndani, na hadi hapo safari zao zinafanana.

Herpesi huanza kwenye seli za ngozi ya mdomo, kisha huingia kwenye ncha za neva za hisia. Seli za neva hizi zina kiini chake nje ya ubongo, kwenye fundo la neva lililo kwenye sakafu ya fuvu. Kirusi hufika pale, huingiza DNA yake kwenye kiini, kisha hunyamaza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha jambo lililonishangaza kuliko yote katika habari hii: kirusi huchukua kinesini kutoka kwenye seli za ngozi, husafiri nayo ndani ya neva, kisha huitumia kumalizia hatua ya mwisho, kutoka pale dainini inapokiacha hadi kwenye kiini. Baadaye homa, jua kali au msongo wa mawazo vinaweza kukiamsha, nacho hurudi mdomoni kwa njia ile ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana kirusi hiki.

Kichaa cha mbwa huanzia kwenye misuli iliyong'atwa na huingia kupitia neva zinazoendesha misuli. Seli za neva hizi zina kiini chake ndani ya uti wa mgongo kwenyewe, hivyo hakuna fundo la kupumzikia njiani. Kutoka hapo kirusi huruka seli hadi seli kwenye viungio vyake, daima kikirudi nyuma kuelekea seli iliyotuma ujumbe, hadi ubongoni. Kisha huteremka kwenye tezi za mate.

Wanaokiita kijinga wana ushahidi. Maiti haisambazi chochote, na binadamu aliyeugua karibu kamwe hamwambukizi mwingine. Ukipima kwa idadi ya miili inayokaliwa, herpesi imeshinda kwa mbali.

Lakini kipimo hicho kinasahau mbwa. Mate ya mbwa yanaweza kuwa na kirusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Ndiyo sababu mbwa mwenye afya aliyemng'ata mtu huchunguzwa kwa siku 10: akibaki mzima, hakuwa akitoa kirusi siku aliyong'ata. Kifo kinakuja baada ya kazi kwisha. Tena kushika ubongo ndiyo sehemu ya maambukizi yenyewe, maana huleta ukali na ugumu wa kumeza, na mate hujaa mdomoni. Binadamu, kwa kirusi hiki, ni njia isiyotokea popote. Kukihukumu kwa kifo chetu ni kujipa umuhimu tusio nao.

Kuna jambo jingine linalovuruga picha ya muuaji asiye na akili. Kirusi hiki hakibomoi seli za neva kwa wingi. Huziacha hai huku kazi yao ikiharibika, na kinga ya mwili huchelewa sana kushtuka. Maabara imeonyesha kwamba aina zilizodhoofishwa huua seli nyingi zaidi, na bado ndizo zenye madhara madogo kwa mnyama. Utulivu ndio silaha. Sifa hiyo tunaimwagia herpesi peke yake bila sababu.

Na herpesi si mpole kiasi hicho. Ikipita fundo lake na kufika ubongoni, jambo ambalo ni nadra, bila dawa huua takriban watu 7 kati ya 10. Jamaa yake, kirusi B cha nyani wa jamii ya makaki, huwapa nyani hao vidonda vidogo tu, lakini kikimwingia binadamu huweza kumuua. Kwa upande wa pili, mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo kutoka Amazoni ya Peru, ambako popo hung'ata watu: baadhi ya wakazi walikuwa na kingamwili za kichaa cha mbwa, yaani alama kwamba mwili ulishakutana na kirusi, bila kuwa wamewahi kuugua. Hilo halibadilishi ushauri wowote wa daktari, ila linaonyesha kwamba ukatili au upole hautoki kwenye kirusi peke yake. Mwenyeji ni nani, na safari inakomea wapi, vina uzito zaidi.

Pale safari inapokomea ndipo tiba inapoamuliwa pia. Ndani ya neva kirusi cha kichaa cha mbwa huenda sentimita 5 hadi 10 kwa siku, na bado dalili huchukua kwa kawaida miezi 1 hadi 3 kujitokeza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba muda mwingi hupotea kwenye misuli, kabla ya kudandia. Kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, chanjo na imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) hufanya kazi katika muda huo. Kirusi kikishafika ubongoni, hakuna dawa ya kutegemewa. Herpesi haina dirisha la namna hiyo. Asikloviri, dawa ya herpesi, huzuia unakili wa DNA ya kirusi, na kirusi kilichonyamaza kwenye fundo hakinakili chochote, kwa hiyo kidonda cha mdomo hupona huku mwenye kukisababisha akibaki pale pale bila kuguswa.