Bei ya Petroli, Hasira za Wapiga Kura na Ukubwa wa Gari

Katikati ya Juni 2022, wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza katika historia. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo bei hiyo ni kama dola 1.32 kwa lita. Siku zilezile dereva wa Uingereza au Ujerumani alikuwa akilipa zaidi ya hapo, na si kwa mwaka huo tu. Hata hivyo ni Marekani ambako bei ya mafuta iligeuka kipimo cha kwanza cha utendaji wa rais, hadi vibandiko vya Joe Biden akinyooshea kidole bei vikaonekana kwenye pampu za majimbo mengi.

Ni rahisi kusema kwamba Wamarekani wanadeka. Hukumu hiyo si ya haki, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Pipa la mafuta ghafi lina galoni 42, yaani lita 159. Pipa likipanda kwa dola 10, lita inapanda kwa senti 6 na ushee, kokote uliko. Kinachotofautiana ni bei iliyokuwepo kabla ya kupanda. Ujerumani ina ushuru wa nishati wa senti 65.45 za yuro kwa lita ya petroli. Uingereza ilitoza peni 57.95 kwa lita kuanzia Machi 2011 hadi Machi 2022, ilipopunguza peni 5. Marekani, ushuru wa serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni, chini ya senti 5 kwa lita, na haujaguswa tangu 1993. Majimbo huongeza wa kwao, lakini jumla bado ni ndogo. Ushuru wa kiasi maalumu kwa lita haupandi soko la dunia linapopanda. Kwa hiyo senti 6 juu ya lita ya dola 2 ni asilimia 3, na senti 6 hizohizo juu ya lita ya senti 85 ni asilimia 7. Anayelipa kidogo siku zote ndiye anayeshtuka zaidi mafuta ghafi yakipanda.

Hapo hatujaingia kwenye gari lenyewe. Chukua pikapu ya Marekani inayokula lita 12 kwa kilomita 100, ikitembea kilomita 20,000 kwa mwaka: ni lita 2,400. Chukua gari dogo la Ulaya linalokula lita 6, likitembea kilomita 12,000: ni lita 720. Kati ya Juni 2021 na Juni 2022 galoni Marekani ilipanda kwa karibu dola 2, yaani senti 52 hivi kwa lita. Kwa mwaka mzima, mwenye pikapu angeongeza kama dola 1,250. Mwenye gari dogo, hata akipandishiwa kiasi kilekile kwa lita, angeongeza kama dola 375. Hasira ya yule wa kwanza ina msingi. Tatizo ni mahali anapoielekeza.

Rais wa Marekani hana kitufe cha bei. Biden alitangaza mwisho wa Machi 2022 kutoa mapipa milioni 180 kutoka akiba ya taifa kwa muda wa miezi sita. Juni akaliomba Bunge lisimamishe ushuru wa senti 18.4 kwa miezi mitatu. Bunge halikukubali, na hata lingekubali, tangi la galoni 20 lingepungua kwa dola 3.68, tena kama wauzaji wangepitisha punguzo lote kwa mteja. Wakati huohuo mfuko wa barabara kuu unaotegemea ushuru huo umekuwa ukipungukiwa na kujaziwa fedha kutoka hazina kuu tangu 2008. Kusimamisha ushuru kungemsaidia dereva kidogo sana na kuliongeza shimo la mfuko.

Kilichoamua ukubwa wa bili ile ni maamuzi yaliyofanywa miaka mingi nyuma kuhusu gari gani litengenezwe. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwaka 1973, Marekani ilipitisha sheria ya 1975 iliyoweka viwango vya wastani wa ulaji mafuta kwa kila kampuni. Magari ya abiria yaliwekewa lengo la maili 27.5 kwa galoni kufikia 1985. Malori madogo, yaani pikapu, magari ya mizigo na baadaye magari makubwa ya familia, yaliwekwa kundi lake lenye lengo la chini. Kodi ya 1978 ya magari yanayokula mafuta sana, ambayo inaanzia dola 1,000 na kufika 7,700, inahusu magari ya abiria tu. Kundi la malori madogo halimo. Ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, uliowekwa katika ugomvi wa biashara ya kuku na Ulaya na kuanza 1964, ambao bado upo. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza pikapu ilikuwa na ushindani mdogo kutoka nje na masharti mepesi ya mafuta. Ingekuwa ajabu isiyatengeneze kwa wingi.

Marekebisho ya baadaye yalileta kasoro nyingine. Lengo la ulaji mafuta lilifungwa na eneo ambalo magurudumu manne yanalizunguka: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mara umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Malori madogo yalianza, na magari yote yakafuata kuanzia modeli za 2011. Nia ilikuwa njema, kwamba kampuni isitimize lengo kwa kutengeneza magari mepesi yasiyo salama. Lakini eneo likiwa kubwa, lengo linalegea, kwa hiyo kupunguza ukubwa wa gari hakukupi nafuu yoyote kwenye hesabu ya serikali. Aprili 2018 Ford ilitangaza kuacha karibu magari yake yote ya saluni Amerika Kaskazini na kubakisha Mustang. Kisha Julai 2025 sheria mpya ikashusha faini ya kutofikia viwango hivyo hadi sifuri, hivyo kanuni imebaki kwenye karatasi bila meno.

Upande wa pili wa hoja haupaswi kupuuzwa. Watu wengi Marekani wanavuta trela, wanaishi mbali na mji, hawana basi wala treni. Mafuta yalipokuwa kama dola 2 kwa galoni mwaka 2016, kununua gari kubwa hakukuwa ujinga. Gari huko hukaa barabarani zaidi ya miaka 12 kwa wastani, na bei ya mafuta inaweza kubadilika ndani ya wiki sita. Anayetaka kuliuza pikapu lake bei ikipanda anakuta wenzake wote wanauza, na thamani imeshuka. Kumwambia mtu huyo "nunua gari dogo" ni kumpa ushauri uliochelewa miaka mitano.

Basi dawa ni kodi kubwa ya mafuta kama Ulaya? Wanaoitetea wana ushahidi mzito: pale petroli ilipokuwa ghali kwa miaka mingi mfululizo, magari ni madogo na injini ni ndogo. Wanaoipinga nao wana ushahidi. Uingereza ilianzisha mwaka 1993 mpango wa kupandisha ushuru wa mafuta kila mwaka juu ya mfumuko wa bei, kwanza asilimia 3, kisha 5, kisha 6. Mpango uliachwa mwishoni mwa 1999, lakini Septemba 2000 mafuta ghafi yalipopanda, wakulima na madereva wa malori walizingira viwanda vya kusafisha mafuta na ghala zake, na ndani ya siku chache vituo vingi vikawa vitupu. Baada ya 2011 ushuru haukupandishwa kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali za vyama mbalimbali ziliogopa.

Ufaransa ni somo kali zaidi. Kodi ya kaboni ilikuwa ipandishe dizeli kwa takriban senti 6.5 na petroli kwa senti 2.9 Januari 2019. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wenye vizibao vya njano walifunga mizunguko ya barabara kote nchini, na Desemba serikali ya Édouard Philippe ikaifuta nyongeza hiyo. Wengi wao walitoka vijijini na miji midogo, mahali ambapo serikali kwa miaka mingi ilihimiza dizeli kwa kuitoza kidogo kuliko petroli. Mtu alinunua gari la dizeli kwa sababu serikali ilimwonyesha njia hiyo, kisha serikali ileile ikamtoza kwa kuifuata. Kodi ya mafuta inamwadhibu mtu kwa gari ambalo tayari analo, na maskini ndiye anayechelewa kulibadilisha.

Kinyume chake, kupunguza kodi wakati wa bei kubwa kunamsaidia zaidi anayetumia mafuta mengi. Ujerumani ilipunguza petroli kwa senti 35 hivi kwa lita, Juni hadi Agosti 2022. Aliyejaza lita 80 kwenye gari kubwa aliokoa yuro 28. Aliyejaza lita 35, yuro 12. Anayepanda basi, sifuri. Tiketi ya yuro 9 kwa mwezi ya usafiri wa umma, iliyotolewa miezi hiyohiyo, iliwafikia watu ambao punguzo la pampu halikuwagusa kabisa.

Njia inayoonekana kufanya kazi bila kuwasha moto ni kulitoza gari siku linaponunuliwa na kila mwaka, kwa kipimo kilicho wazi. Japani ndiyo mfano bora. Gari la daraja la chini linaloitwa kei haliruhusiwi kuzidi urefu wa mita 3.40, upana wa 1.48, kimo cha mita 2.00 na injini ya cc 660. Akitimiza hayo, mwenye gari jipya la matumizi binafsi analipa kodi ya mwaka ya yeni 10,800. Gari la kawaida lenye injini isiyozidi lita moja, yaani cc 1,000, ni yeni 25,000, na lenye injini ya zaidi ya lita moja hadi moja na nusu ni 30,500. Mijini huwezi kuandikisha gari la kawaida bila cheti cha mahali pa kuegesha ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani. Sehemu nyingi za vijijini, kei imesamehewa. Zaidi ya gari moja kati ya matatu mapya yanayouzwa huko ni kei. Bei ya petroli inapopanda, Mjapani analalamika pia, lakini ana lita chache za kulalamikia.

Hata hivyo Japani nayo inaonyesha jinsi siasa za kodi ya mafuta zinavyonata. Nyongeza "ya muda" iliyoanza 1974, baadaye yeni 25.1 kwa lita, ilidumu nusu karne. Aprili 2008 ilikoma kwa sababu upinzani ulidhibiti baraza la juu. Bei ikashuka, foleni zikajaa vituoni, na mwezi mmoja baadaye serikali ikairudisha kwa kura za theluthi mbili.

Ufaransa imejifunza kitu kutokana na vizibao vya njano. Tangu Januari 2022 gari jipya zito linatozwa kwa kila kilo iliyozidi kiwango, awali kilo 1,800, kikashushwa hadi kilo 1,600 mwaka 2024, kwa viwango vya yuro 10 hadi 30 kwa kilo. Mnunuzi anaiona bei kabla hajasaini, na gari la zamani la mkulima haliguswi.

Afrika Mashariki tunaishi na matokeo ya sheria za Japani kuliko tunavyofikiri. Vitz na Passo za cc 996, na IST za cc 1496, zina injini za vipimo hivyo kwa sababu kodi ya Japani inaruka kwenye lita moja na lita moja na nusu. Tanzania nayo kwa miaka mingi imepanga ushuru wa bidhaa wa magari kwa cc: hadi 1000 hakuna, 1000 hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Ngazi hizo mbili zimekutana, na barabara za Dar es Salaam zinaonyesha.

Kenya, kodi ya pampu ina tatizo lake. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba petroli Nairobi ikafika shilingi 211.64 kwa lita. Tozo ya barabara ni kiasi maalumu kwa lita, kwa hiyo hukaa palepale soko likipanda. VAT ni asilimia, hupanda pamoja na bei na kuongeza maumivu siku mbaya zaidi. Kama lazima mafuta yatozwe, ni bora yatozwe kwa shilingi kwa lita.

Kipimo cha cc nacho kinazeeka. Injini ya cc 1500 yenye tabo, kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, inaweza kusukuma gari la tani moja na nusu na kula mafuta zaidi kuliko ya cc 1800 ya haibridi, inayosaidiwa na mota ya umeme, lakini kwa mamlaka ya kodi ya pili ndiyo kubwa. Magari ya Japani yana takwimu za ulaji zilizopimwa rasmi, na mnunuzi anaweza kuzitumia leo. Gawa 100 kwa kilomita kwa lita: 20 inakuwa lita 5 kwa kilomita 100, 10 inakuwa lita 10. Angalia kipimo rasmi kilichotumika, kati ya 10·15, JC08 na WLTC, kuanzia cha zamani hadi kipya, kwa sababu 10·15 cha zamani kinapendelea gari kuliko JC08, na JC08 kuliko WLTC; magari mawili yenye takwimu za vipimo tofauti hayalinganishwi. Usichanganye pia galoni za Kiingereza, lita 4.546, na za Marekani: maili 40 kwa galoni ya Uingereza ni 33 tu kwa galoni ya Marekani. Kisha hakikisha mwenyewe: jaza tangi hadi pampu ikate, andika kilomita, tembea hadi tangi likaribie robo, jaza tena kwenye pampu ileile hadi ikate, gawa lita ulizojaza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Rudia mara tatu, maana mkato wa pampu hutofautiana kwa lita moja au mbili, na kwenye tangi la lita 40 hiyo inatosha kupotosha jibu.

Namba hiyo, lita kwa kilomita 100, ndiyo inayofaa kuwekwa kwenye jedwali la ushuru wa kuingiza magari badala ya cc, ikitolewa kwa kipimo kimoja na kuambatanishwa na uzito. Waagizaji watapinga, na hoja yao kwamba takwimu za magari ya zamani hazifanani ni ya kweli. Ndiyo maana mpito ungeanza na modeli zilizopimwa kwa WLTC, huku za zamani zikibaki kwenye cc hadi ukomo wa umri uziondoe.