Kangomba ya Mataifa

Mtu wa Newala, kusini mwa Tanzania, ukimtajia kangomba hahitaji maelezo. Kwa wasomaji wa kwingine: ni kumuuzia mtu korosho zikiwa bado maua, wakati mwingine hata maua hayajatoka, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu wewe una shida leo na yeye ana pesa leo. Kagera wanaiita butura, na huko ni kahawa. Serikali imepiga marufuku kangomba na butura, na zote mbili zinaendelea.

Baba aliuza kangomba mara nyingi kuliko alivyokubali kutuambia. Ninaoukumbuka vizuri ni mwaka ambao salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, ilipanda bei. Mwezi wa sita ugonjwa wa ubwiriunga unaanza kushika maua, na mkorosho usiopulizwa wakati huo haukupi kitu cha maana Oktoba. Pesa za msimu uliopita zilikuwa zimeshaliwa tangu Machi. Akamwita jirani mmoja, wakazunguka pamoja shambani, akamwonyesha mikorosho ya upande wa bondeni. Yaani aliuza sehemu ya mavuno ili apate dawa ya kuokoa yaliyobaki. Msimu ulipofika tuliziokota zile korosho wenyewe, tukazibeba wenyewe hadi kwa jirani, kisha tukasikia bei ya msimu. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya aliyolipwa baba.

Nilimchukia yule jirani kwa miaka. Baadaye nikaja kujua kwamba hata pesa haikuwa yake. Alipewa na mfanyabiashara wa Masasi aliyekuwa akisambaza mtaji vijijini, na huyo naye alikuwa na mtu wake wa juu. Kila aliyekuwa juu alimzidi wa chini yake kwa jambo moja tu: aliweza kungoja muda mrefu zaidi.

Tangu hapo, nikisoma habari za nchi tajiri na nchi maskini, naliona shamba la baba. Wapo wanaosema tuko chini kwa sababu ya ukoloni, wapo wanaosema ni wizi wa viongozi wetu, na wote wana hoja. Ila kuna swali wanalolipita haraka mno: nani anaweza kungoja?

Chukua Chad. Mwaka 2014 serikali yake ilikopa zaidi ya dola bilioni 1 kutoka Glencore, kampuni ya Uswisi, ili inunue hisa za Chevron katika visima vya Doba. Malipo yangekuwa mafuta ghafi ambayo bado yalikuwa ardhini. Mikorosho ya bondeni, hiyo. Haukupita mwaka, bei ya pipa ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya 50. Deni halikuporomoka. Ikabidi mapipa mengi zaidi yaende kulipa deni lilelile, na Chad ikarudi mezani kuomba masharti mapya mwaka 2015, ikarudi tena 2018.

Au Ghana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 bodi yao ya kakao ilizoea kukopa kwa mabenki ya nje kila mwaka kabla ya msimu, na sehemu kubwa ya kakao ilikuwa inauzwa kabla haijavunwa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ikavuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mkulima wa Ashanti akaisikia redioni. Kakao yake ilikuwa imeshaahidiwa zamani, kwa bei ya chini mno. Nilipoisoma habari hiyo nilijikuta nacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nchi isiyo na mafuta wala kakao ya kuahidi huahidi kodi za wananchi wake. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili ilipe mkopo mwingine wa dola uliokuwa unaiva Juni. Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa inakopa kwa asilimia 4 na ushei, tena kwa sarafu inayoitoa yenyewe. Wanaokopesha wanasema tofauti hiyo ni gharama ya hatari. Sikatai. Yule jirani naye alimwambia baba hivyohivyo: mvua ikiharibu maua, mimi ndiye nitakayeumia.

Kuna waliojaribu kununua muda wa kungoja. Kuanzia 1962 nchi zinazolima kahawa na zinazoinywa zilikuwa na mkataba, na kwa miaka mingi mgawo wa mauzo chini ya mkataba huo ulisaidia kushikilia bei. Mwaka 1989 mgawo ukavunjika, na bei ikaanguka kiasi cha nusu kwa muda mfupi. Miaka kumi kabla yake, Februari 1979, Mwalimu Nyerere alisimama Arusha mbele ya wajumbe wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, akawaomba waunde chama cha wafanyakazi cha nchi maskini. Wazo zuri. Lakini chama kinachogoma kinahitaji mfuko wa kulisha watu siku za mgomo, na mfuko huo hakuna aliyekuwa nao.

Sisi wa kusini tumeuonja mgomo wa namna hiyo. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnadani, kwa sababu msimu wa nyuma yake kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Tulishangilia. Kisha wengi wakakaa miezi bila kulipwa, na watu wa kangomba, ambao ndio waliokuwa wanasakwa, wakawa ndio wenye pesa taslimu kijijini. Stakabadhi ghalani nayo, yaani kuweka korosho ghalani na kungoja ziuzwe mnadani, iliyoanza kwenye korosho mwaka 2007, ni mpango ninaoutetea hadi leo, lakini udhaifu wake uko hapohapo: inamtaka asiye na akiba angoje.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia kutoka kijijini. Salfa ya ruzuku imefika, lakini hela ya vibarua wa palizi hana, na kuna mtu ameshapita mara mbili kuulizia mikorosho ya nyuma ya nyumba. Nikamwambia amwombe huyo mtu angoje mpaka mwisho wa mwezi, nitatuma chochote.

Akacheka. "Yeye anaweza kungoja, kaka. Tatizo ni mimi."