Mashine pepe za Goma: kuzirudufisha mbali au kubaki na diski mkononi?

Mafundi wanaotunza seva za hospitali, vyama vya akiba na mikopo na mashirika hapa Goma wana ubishi usiokwisha. Wengine wanataka kila mashine pepe irudufishwe mfululizo kwenye kituo cha data cha mbali, Johannesburg au Ulaya, ili mji ukitikisika kazi iendelee kule. Wengine wanaona hiyo ni anasa ya nchi zenye intaneti ya uhakika, na kwamba kinachotufaa ni diski ya nje, nakala ya kila usiku na mtu mwaminifu wa kuibeba. Nimewasikiliza wote. Kila upande una haki yake, na kila upande unaruka hatua ileile: hali ya mashine yenyewe kabla haijawekewa ulinzi wowote.

Kwa asiyeshinda na kazi hizi, mashine pepe ni kompyuta kamili inayoishi kama mafaili ndani ya seva. Seva moja ya chuma huweza kubeba mashine nane au kumi: ya uhasibu, ya rejesta ya wagonjwa, ya barua pepe. Kwa kuwa ni mafaili, hunakiliwa na kuwashwa kwenye seva nyingine kabisa. Matumaini yote ya kujikinga na maafa yanatoka hapo, na hapo pia ndipo wengi wanapojidanganya, maana mashine iliyonakiliwa vizuri inaweza kabisa kukataa kuamka ugenini.

Umuhimu wa nakala ya mbali mtu wa Goma hahitaji kufundishwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye wakuu wa mkoa wakaamuru mitaa 10 ihame. Watu waliondoka na walichoweza kubeba, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Ofisi ambayo diski yake ya nakala inakaa kabatini, kwenye chumba kilekile cha seva, siku kama hiyo haina nakala.

Halafu ikaja Januari 2025. Mapigano yaliingia mjini, umeme na intaneti vikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa, waasi wa M23 wakauchukua mji, na benki zikafunga milango. Fundi aliyechagua Bukavu kuwa kituo chake cha pili alikuwa na hesabu nzuri dhidi ya lava: mlima hauwezi kuvuka ziwa. Lakini katikati ya Februari Bukavu nayo ikachukuliwa. Kwa hiyo kilomita peke yake hazitoshi kupima umbali wa kituo cha pili. Inabidi kuuliza pia ni janga gani linaloweza kuvikumba vituo vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Kwa kipimo hicho Lubumbashi, iliyo ndani ya nchi hiihii lakini zaidi ya kilomita 1,000 kusini, ni bora kuliko Bukavu.

Wenye diski mkononi nao wana hesabu zao. Chukua ofisi yenye mashine za jumla ya gigabaiti 500 na laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde. Hata laini isipokatika, na hata asiwepo mwingine wa kuitumia, nakala ya kwanza itachukua zaidi ya saa 110, karibu siku tano usiku na mchana. Diski iliyojazwa jana huvuka Grande Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, mfukoni. Ukweli ni kwamba baada ya nakala ya kwanza husafirishwa mabadiliko tu, na gigabaiti 8 za mabadiliko ya siku zitapita kwa laini hiyohiyo chini ya saa 2. Kikwazo kikubwa kipo mwanzoni, na baadhi ya mifumo inaruhusu ile nakala ya kwanza ipelekwe kwa diski, kisha mtandao uendelee na mabadiliko. Hyper-V Replica, ya Microsoft, inafanya hivyo. Nashangaa njia hii haitajwi sana katika ubishi wetu, wakati inawapa pande zote mbili walichokuwa wanadai.

Fedha pia. Huduma ya Azure Site Recovery, inayorudufisha mashine kwenye vituo vya Microsoft, hutozwa takriban dola 25 kwa mwezi kwa kila mashine inayolindwa, mbali na gharama ya hifadhi. Kwa shirika kubwa hizo si kitu. Kwa kituo cha afya chenye mashine sita ni mshahara wa mtu. Tena malipo yenyewe hutegemea kadi ya benki. Benki zikifungwa, usajili unaweza kukatika wakati uleule unapouhitaji, kwa hiyo anayechagua njia hii awe na mtu nje ya mji anayeweza kulipa. Na kuna sheria: Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Rejesta ya wagonjwa si kitu cha kutuma Johannesburg kwa uamuzi wa fundi peke yake.

Urudufishaji wa mfululizo una hatari nyingine ambayo mashabiki wake huipitia haraka mno: unabeba uharibifu kwa uaminifu uleule unaobeba kazi nzuri. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia saa nne asubuhi, dakika chache baadaye nakala ya mbali nayo imefungwa. Ndiyo maana mfumo mzuri huhifadhi hatua za nyuma, za saa kadhaa au siku kadhaa, na ndiyo maana diski iliyochomolewa kwenye mtandao bado ina kazi. Hapa nakubaliana kabisa na wazee wa diski.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Msimamo wangu ni kwamba asilimia kubwa ya kazi iko hapa, na karibu yote haihitaji hata dola moja.

Anza na Linux. Mashine nyingi zinataja diski zao kwa majina kama /dev/sdb. Ukizipeleka chini ya haipavaiza nyingine, yaani programu inayoendesha mashine pepe, mpangilio hubadilika, mashine haioni diski yake ya data na inagoma kuwaka. Kwenye faili la fstab, linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, tumia vitambulisho vya UUID vya kila diski, ambavyo havibadiliki. Hakikisha pia viendeshi vya haipavaiza ya ugenini, vya virtio au vya Hyper-V, vimo ndani ya initramfs, ule mfumo mdogo unaotangulia Linux kuwaka, kabla ya safari. Kuviongeza kwenye mashine iliyokataa kuwaka, usiku, kwa simu, ni mateso. Kwa Windows, sera ya SAN, inayoamua kama diski mpya ziwashwe zenyewe, iwekwe OnlineAll, la sivyo diski za data zinaweza kubaki zimezimwa baada ya kuhama. Masasisho yaliyosubiri yamalizwe kwanza, kwa sababu mashine inayoamka ugenini na kuanza kujisasisha inaweza kukaa muda mrefu bila kumruhusu mtu kuingia.

Kuingia kwenyewe kunahitaji maandalizi. Fundi wengi wa hapa wamezoea kukaa mbele ya seva, na njia ya kuingia kutoka mbali, SSH au kompyuta ya mbali ya Windows, haijawashwa, au ukuta wa moto (firewall) unaizuia. Mashine ikiamka Johannesburg hakuna wa kukaa mbele yake. Kuna pia programu zilizoandikwa anwani ya IP ya hifadhidata moja kwa moja ndani ya mipangilio. Kule anwani zitabadilika, na uhasibu utasimama ingawa kila mashine inawaka. Tumia majina, na DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, itafsiri. Tazama leseni pia: programu ya uhasibu inayodai ufunguo wa USB uliochomekwa kwenye seva ya Goma haitafunguka popote pengine, na mazungumzo na muuzaji yafanyike wakati wa utulivu.

Hifadhidata zinataka uangalifu wa peke yake. Nakala iliyochukuliwa katikati ya kuandikwa ni sawa na mashine iliyokatiwa umeme ghafla. Hifadhidata ya PostgreSQL kwa kawaida hujirekebisha, lakini programu nyingi ndogo za hapa hazina uwezo huo. Windows ina VSS, huduma ya kutuliza programu kabla ya nakala kuchukuliwa. Kwenye Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, wakala wa qemu, programu ndogo inayowekwa ndani ya mashine, husaidia kugandisha mfumo wa mafaili kwa muda mfupi. Wakala huyo asipowekwa, mfumo bado utaonyesha alama ya kijani, kana kwamba nakala ni salama. Alama hiyo imewadanganya wengi.

Kabla ya kurudufisha, punguza uzito. Faili la kumbukumbu ya ziada (swap au pagefile) na mafaili ya muda yahamie diski yake, na diski hiyo iachwe nje ya ulinzi, kwa sababu hubadilika kutwa na kula laini bure. Futa picha za papo (snapshots), zile hali za mashine zilizogandishwa, zilizosahaulika tangu mwaka jana. Hazikuwa nakala rudufu hata siku moja, na zinavimbisha hifadhi.

Mashine ikishafika hapo, ubishi wa mbali au mkononi unakuwa mwepesi. Rejesta ya wagonjwa na daftari la akiba za wanachama, ambazo siku mbili bila hizo ni madhara kwa watu, zirudufishwe mbali kila siku. Barua pepe za zamani na mafaili ya miradi iliyofungwa yabaki kwenye diski ya wiki, ikikaa nje ya jengo na ikiwezekana nje ya mji. Anayekwepa bei ya mwezi kwa mwezi anaweza kuweka seva ndogo kwa mshirika wa Lubumbashi na kutumia Proxmox Backup Server, isiyolazimu leseni ya kulipia, inayotuma vipande vilivyobadilika tu na kuvifunga kwa ufunguo kabla havijaondoka Goma.

Kisha jaribu. Washa nakala kwenye mtandao uliotengwa, usioigusa mashine halisi, kwa mpangilio: kwanza DNS na mfumo wa watumiaji, pili hifadhidata, mwisho programu. Mwite mhasibu au muuguzi, si fundi, na aombwe kufungua rekodi ya jana. Pima muda uliopita tangu kuwasha hadi yeye aione rekodi hiyo. Muda huo ndio wa kumpelekea mkurugenzi, badala ya ahadi ya muuzaji. Wakati wa jaribio angalia pia ule ufunguo wa kufungulia nakala umetoka wapi. Ukikuta umehifadhiwa ndani ya seva ya Goma tu, nakala ya Lubumbashi haitafunguka seva hiyo ikipotea. Uchapwe kwenye karatasi, ukae kwa watu wawili, na mmoja wao awe anaishi nje ya Kivu.