Gari Lililoponywa na Kila Fundi

Asije mtu kuniambia mafundi wa Dar es Salaam hawajui kazi. Gari langu lilipona mikononi mwa kila aliyeligusa. Wa kwanza alisafisha plagi, likawaka. Aliyefuata akabadilisha pampu ya mafuta, likawaka. Mwingine aligonga starta kwa spana, akatikisa waya za betri, likawaka, akapokea hela yake huku akiwacheka waliomtangulia. Hata muuza mahindi ya kuchoma pale barabarani alinishauri nifungue mfuniko wa tangi "lipumue". Nikafungua, likawaka. Hela hakutaka, nikamuungisha mahindi.

Ubovu wenyewe ulikuwa hivi. Injini ikishapata moto sawasawa, hasa kwenye foleni, gari linakata. Halikohoi wala halitetemeki, linazima tu, usukani unakuwa mzito na redio inaendelea kuimba. Ukipiga starta, inazunguka kwa nguvu zote lakini moto haushiki. Ukikaa nusu saa hivi, linawaka kwa ufunguo mmoja.

Sasa piga hesabu. Fundi anaitwa, anakuja kwa miguu. Anatuma kijana spana. Anafungua plagi, anazisugua kwa msasa, anakusimulia gari la bosi mwingine lililokuwa na tatizo hilihili, anazirudisha. Nusu saa hiyo imekwisha, injini imepoa. Hapo hata angekuwa kinyozi angeliwasha. Tena kila mmoja alianza kwa kuchomoa betri, na betri ikichomolewa, kompyuta ya gari nayo inasahau kosa ililokuwa imeliandika. Taa ya cheki injini ingeweza kusema kitu, ila aliyeniuzia gari aliibandika solotepu nyeusi, kwa ustadi mkubwa, nami nikaiona dashibodi safi nikamshukuru Mungu.

Kipindi hicho mjomba wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Kila asubuhi nilivuka naye kutoka Kigamboni kwenda mjini, yeye kakaa mbele na chupa yake ya maji aliyoyasomea dua baada ya swala ya alfajiri. Gari likizima, mjomba hufumba macho, anasoma kwa utaratibu, hana haraka. Akimaliza ananiambia, "Washa, mjomba." Linawaka. Yeye ndiye fundi pekee ambaye hakunitoza.

Siku ya kivuko ndiyo iliyonivunja moyo. Tulikuwa tunarudi jioni, foleni ya Magogoni imefika mpaka soko la samaki la Feri, jua linapiga boneti, tunasogea kidogo tunasimama. Tukaingia kivukoni salama. Nilipokanyaga breki tu nyuma ya lori la saruji, mshale wa rpm, ule unaoonyesha mzunguko wa injini, ukalala. Nikamtazama mjomba. Mjomba akafumba macho.

Wanaokifahamu kivuko kile wanajua kwamba kuvuka ni dakika chache, na abiria wa miguu husimama katikati ya magari. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasikia starta inavyolia bure, akaelewa, akaitua ndoo yake juu ya boneti.

"Mama, hilo ni gari," nikamwambia.

"Naliona, baba. Haliendi popote hili."

Maji ya samaki yakaanza kuchuruzika kwenye bati la moto. Harufu iliyopanda hapo ilimfumbua mjomba macho katikati ya dua.

Tukafika ng'ambo. Lori likatoka, magari ya mstari wa pembeni yakatoka, langu limeziba njia na nyuma yake honi zimeanza. Vijana wakajitokeza bila kuitwa. Wakasukuma, na kila anayesukuma alikuwa mwalimu wa udereva. "Tia gia ya pili! Achia klachi! Achia sasa!" Nikapiga kelele kwamba gari ni otomatiki, halina klachi. "Wewe achia tu!" Mama wa samaki alikuwa kambeba mtoto mgongoni, lakini naye aliweka mkono mmoja kwenye buti, akasukuma. Tukapanda ule mlango wa chuma kwa "harambee", mjomba amekaa ndani kwa sababu ya macho yake, anawapungia watu.

Juu kabisa, vijana wamesimama wanahema, mkono nyonga, wanasubiri ya soda, nikajaribu ufunguo. Likawaka.

Kimya kikapita. Kisha mmoja wao akauliza, "Kumbe ulikuwa unabana mafuta?"

Niliwalipa mara mbili ya nilichokusudia. Na usiniulize kwa nini sikupita Daraja la Nyerere. Lipo tangu 2016, urefu wake mita 680, nalijua. Lakini kule unalipa tozo kwanza ndipo uzime, halafu nani atakusukuma?

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja fundi umeme wa magari, hapohapo Kigamboni. Nilimdharau kidogo, maana hakufungua kitu. Akauliza, "Bosi, likizima, ukipiga starta ule mshale wa rpm unacheza?" Nikasema umelala tu. Akatikisa kichwa, akavuta kigoda, akaniambia niwashe gari tuliache liungurume juani. Nikataka kuchomoa betri kumsaidia, akanishika mkono.

Tukakaa. Likazima lenyewe. Ndipo akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikaandika P0335.

"Sensa ya krenki," akasema. Akatueleza: kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna gurudumu la meno. Kwa gari letu nafasi ni 36, lakini meno mawili hayakuwekwa, kwa makusudi. Sensa ni sumaku yenye waya mwembamba uliozungushwa. Meno yakipita mbele yake, inatuma umeme kidogo, kompyuta inahesabu mwendo wa injini. Ikifika kwenye pengo, inajua pistoni ziko wapi. Isipopata hesabu hiyo, haitoi moto wa plagi wala haipulizi mafuta. Na huu waya umekatika mahali: ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana.

"Kwa hiyo kompyuta inatafuta pengo?" akauliza mjomba, ambaye meno yake ya mbele yalikwenda zamani. Fundi akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Akaingia chini, akachomoa soketi ya sensa, akaweka mita upande wa ohm, kupima kama umeme unapita ndani ya waya. Kioo kikaonyesha 1, pembeni kabisa kushoto. Mjomba akasogeza miwani. "Bado moja. Si haba."

"Mzee wangu, hiyo moja maana yake hakuna kitu. Waya umekatika." Kisha, kutokea chini ya gari, mkono ukanyooka. "Nipeni maji ya baridi, upesi."

Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya mjomba. Kabla sijafungua kinywa, mjomba mwenyewe ameshampa chupa. Fundi akaimwagia sensa yote, mita ikarudi kusoma ohm elfu na ushee. Akachomeka soketi. "Washa." Likawaka.

Fundi aliona ushahidi wa kitaalamu. Mjomba naye aliona wake.

Spea niliifuata Kariakoo. Muuzaji akanipa sensa ya kemu, yaani ya mhimili mwingine, ule wa kufungua vali, akisema ni ileile, ndugu mmoja baba mmoja. Zinafanana kweli, mpaka ujaribu kuichomeka. Nikarudi, tukabishana, akabadilisha kwa nyongeza ndogo ya "usumbufu", wake yeye.

Kufunga ilikuwa boliti moja tu, spana namba 10. Lakini soketi ilikuwa imekauka kwa joto, kile kishikizo chake cha plastiki kikavunjika, na sensa ya zamani iligoma kutoka kwa sababu mpira wake umegandia ndani. Fundi akailainisha kwa mafuta, akaizungusha kidogokidogo huku akiizomea, mpaka ikachomoka na ndevu za vumbi la chuma zilizoshikwa na sumaku. Mpya akaipaka oili kwenye mpira, ikaingia. Kishikizo akakifunga kwa zipi ya plastiki. Akabandua na ile solotepu, akaniambia hiyo taa ina kazi.

Tangu hapo halijazima. Nilimweleza mjomba tena, polepole, habari za waya na sumaku. Akasikiliza kwa adabu zote. Sasa akipanda husubiri niwashe, na likiwaka ananigeukia:

"Unaona? Nami leo hata maji sikubeba. Nimelisomea tokea nyumbani."