Posho ya Hatari Isiyomruhusu Fundi Kukataa Kupanda

Kuna video inayozunguka mitandaoni miaka nenda rudi: fundi yuko kileleni mwa mnara wa televisheni huko South Dakota, Marekani, mita 457 hivi kutoka ardhini, anabadilisha taa. Watazamaji huapa kwamba analipwa dola 20,000 kila akipanda. Hiyo imetiwa chumvi. Mafundi wengi wa minara hulipwa kwa saa, kama mafundi wengine.

Wanaotaka mafundi hawa waongezewe posho ya hatari wana hoja. Fundi ana kamba mbili zenye ndoano, zilizofungwa kwenye mkanda wake wa usalama: anafungua ndoano moja, anaibana juu zaidi, ndipo aguse ya pili. Atarudia hivyo mpaka kileleni, mikono ikifa ganzi na mnara ukiyumba kwa upepo. Kinachomaliza akili ni umakini huo usio na likizo. Woga wa siku za mwanzo humlinda. Balaa ni akishazoea na kuona ndoano moja inatosha. Na akiteleza akabaki ananing'inia kwenye mkanda, damu hutuama miguuni, na asiposhushwa upesi anaweza kufa bila hata kufika chini.

Lakini pesa nayo ina hila. Aliyeahidiwa posho nono atathubutu kusema leo kichwa hakijatulia? Anayelipwa kwa mnara ndiyo kabisa: asipopanda, hali. Usiku hakulala, ana msiba nyumbani, na bado atavaa mkanda.

Waajiri wasemao heri fedha iende kwenye vifaa wanaweza kutaja daraja la Golden Gate, San Francisco, lililofunguliwa 1937. Wakati wa ujenzi, wavu uliotandazwa chini ya daraja uliwadaka wafanyakazi 19. Posho isingemdaka hata mmoja. Ila Februari mwaka huohuo jukwaa lilikatika, likapasua wavu ule, wakafa watu 10. (Sehemu hii ya kisa waajiri huiruka.)

Binafsi naona kiasi cha posho kinabishaniwa kuliko kinavyostahili, na namna ya kulipa inasahauliwa. Kiwango kikiwa kizuri halafu kikalipwa hata siku fundi amekataa kupanda, pesa haishindani tena na akili yake. Wategaji wa kazi watakuwepo, sikatai. Msimamizi anayewajua watu wake huwabaini mapema, na hasara yenyewe ni siku chache za kazi.