Almasi ya Mwadui kifuani mwa Malkia: zawadi au amana?

Katikati ya ua kuna jiwe moja la rangi ya waridi, karati 23.6. Petali zinazolizunguka ni almasi nyeupe zilizochongoka ncha mbili kama punje za mchele, na shina limepangwa almasi za mstatili, moja baada ya nyingine. Pini hii ya kifuani ilitengenezwa na Cartier mwaka 1953. Malkia Elizabeth aliivaa mwaka 1981, siku mwanawe Charles alipomwoa Diana. Jiwe la katikati lilichimbwa Mwadui, mkoani Shinyanga.

Lilipatikana Oktoba 1947, likiwa bado ghafi na lenye karati 54.5. Mwenye mgodi, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson, alilitoa kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, ambaye alikuwa bado binti mfalme na aliolewa Novemba mwaka huo huo. Lilichongwa London mwaka uliofuata, na zaidi ya nusu ya uzito wake ikaondoka. Mpaka leo linaitwa kwa jina la Williamson.

Naanza na jiwe hili kwa sababu mjadala wa vito vya kifalme umezoea kutia kila kitu kapu moja. Upande mmoja unasema vyote viliibwa, virudishwe. Upande wa pili unasema historia imeshapita, viachwe vilipo. Mimi naona swali la kwanza ni jinsi kila jiwe lilivyoondoka kwao, maana hayakuondoka kwa mlango mmoja.

Chukua Koh-i-Noor, almasi maarufu kutoka Bara Hindi. Mwaka 1849 Waingereza waliuteka ufalme wa Punjab, na mkataba wa Lahore ukaweka sharti kwamba almasi hiyo akabidhiwe Malkia Victoria. Aliyetia saini ni mfalme wake, Maharaja Duleep Singh, mtoto wa miaka kumi, ambaye mama yake, Jind Kaur, alikuwa ameshatengwa naye na kufungwa na Waingereza hao hao. Hakuna baraza la wazee wala kadhi ambaye angeuita huo mkataba. Nadhani Ikulu ya Uingereza yenyewe inalijua hilo, kwa kuwa Mei 2023 Malkia Camilla alivikwa taji lisilo na Koh-i-Noor.

Wanaotaka ibaki London wana hoja moja nzito: irudi kwa nani? India imeidai, Pakistan imeidai, na hata Taliban waliidai mwaka 2000. Lahore, makao ya Ranjit Singh, baba yake Duleep, leo iko Pakistan. Yeye mwenyewe aliipata mwaka 1813 kwa kumbana Shah Shuja wa Afghanistan, na kabla ya hapo Nader Shah wa Uajemi aliibeba kutoka Delhi mwaka 1739. Sioni haki kuipuuza hoja hii, lakini ina mwisho wake. Warithi kugombania mirathi hakumfanyi aliyeishika kuwa mrithi.

Ukirudi kwenye taji la Camilla, utakuta mawe matatu yaliyotokana na Cullinan, almasi ya karati zaidi ya 3,100 iliyochimbwa karibu na Pretoria mwaka 1905. Serikali ya Transvaal iliinunua kwa pauni 150,000, na mwaka 1907 ikampa Mfalme Edward VII siku yake ya kuzaliwa, miaka mitano tu baada ya vita vya Makaburu kuisha. Hapa fedha ililipwa na zawadi ikatolewa waziwazi. Ila Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi ile, hawakuwa na kura kuhusu ununuzi wala utoaji.

Jiwe la Mwadui liko karibu zaidi na Cullinan kuliko Koh-i-Noor. Hakuna damu iliyomwagwa ili litolewe. Williamson alikuwa na leseni, sheria ya wakati ule ilimruhusu, naye alitoa kwa hiari yake. Kesi hiyo ikipelekwa mahakamani, naamini tungeshindwa, na anayewaambia Watanzania vinginevyo anawapa tumaini la bure.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1947 Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu Desemba 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mdhamini alikuwa Uingereza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimtaka mdhamini aendeleze wakazi wa nchi aliyokabidhiwa. Kwetu sisi lugha hiyo haina ugeni: ni lugha ya amana, ya mlezi aliyeachiwa mali ya yatima. Mlezi hupimwa kwa namna anavyoogopa hata kuonekana akinufaika. Sasa hapa mfalme wa nchi iliyo mlezi, binti yake anaolewa, na tunu kubwa kutoka shamba la yatima inaishia mikononi mwa bibi harusi. Sheria haikuvunjwa. Adabu ya amana ndiyo iliyovunjwa, na kwangu hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa pili, lazima tukiri kwamba kifua cha Malkia kililitunza jiwe na kulitambulisha. Mwaka 2021 almasi nyingine ya waridi ya Mwadui, ghafi ya karati 32, iliuzwa kwa dola milioni 13.8. Ikachongwa hadi karati 11.15, na Oktoba 2022 ikapigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Hiyo sasa ni mali ya mnunuzi binafsi. Ile ya Elizabeth dunia imeiona mara nyingi.

Mwezi uliofuata mnada ule, Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji. Ndiyo maana naisikiliza kwa makini hoja ya nyumbani inayosema: acheni habari za pini, zungumzeni maji, ardhi na wabeshi wanaohatarisha maisha usiku kutafuta punje ya almasi ndani ya uzio. Wana haki. Ila sioni kwa nini tuchague. Asiyejua jiwe lake limekwenda wapi jana atapata shida kuuliza la leo limeuzwa kwa nani.

Tuombe nini basi? Ghana imetuonyesha njia moja, na ubaya wake. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London yalipeleka vitu 32 vya dhahabu na vya kifalme vya Waasante kwenye jumba la Manhyia, Kumasi, vingi vikiwa vimeporwa vitani karne ya 19. Vilikwenda kwa mkopo wa miaka mitatu, kwa kuwa sheria za Uingereza zinayabana makumbusho hayo yasitoe mali. Waghana wengi waliona uchungu, na nawaelewa: unaazimwaje kilichoporwa kwako?

Jiwe la Mwadui ni tofauti pande zote mbili. Halikuporwa, kwa hiyo kuliazima hakutatudhalilisha. Na ile pini ilikuwa kito binafsi cha Malkia, si sehemu ya hazina ya taji wala mali ya makumbusho, kwa hiyo hakuna sheria ya namna ile ya kujificha nyuma yake. Neno la familia moja linatosha.

Kwa hiyo nisingedai umiliki. Ningeomba pini ije Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kisha ipelekwe Shinyanga hata kwa wiki chache, watu wa Maganzo wanaoishi jirani na mgodi waione bila nauli kubwa. Na kibao chake kiandikwe kwa Kiswahili, jina la Mwadui likitangulia la Williamson, na mwaka 1947 uelezwe ulivyokuwa: nani alikuwa mlezi, na nani alikuwa chini ya ulezi.